Baki Halifutwi: shajara ya mradi wa sehemu na desimali, darasa la sita

Mradi wenyewe

Vipindi vya ziada vya hisabati kwa mikondo miwili ya darasa la sita, shule ya msingi ya serikali, Tanga mjini. Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia. Lengo: mtoto apewe sehemu yoyote, hata ambayo hajawahi kuiona, aigeuze kuwa desimali kwa kugawanya kiasi (namba ya juu) kwa asili (namba ya chini), kisha aeleze kwa nini jibu limeisha au limekataa kuisha.

Nusu ya pili ya lengo hilo ndiyo iliyonisukuma. Nusu ya kwanza wengi huipata kwa kukariri: nusu ni 0.5, robo ni 0.25, robo tatu ni 0.75, basi. Ukimpa saba ya kumi na mbili anakutazama kama mtu aliyedaiwa pesa asizokopa.

Zana: ubao, chaki, madaftari ya vyumba, na noti za kuigiza zilizokatwa kwenye maboksi ya dukani. Vikokotoo vinakaa kabatini mpaka nitakaposema.

Jaribio la kuanzia

Niliweka sehemu sita ubaoni: 1/2, 3/4, 3/8, 1/3, 5/12, 1/16. Mbili za kwanza karibu wote wamepata. Kwenye 3/8 ndipo madaftari yalipoanza kusema. Wapo walioandika 3.8. Wapo walioandika 0.38. Kundi kubwa limeandika 2.66, na wengine "2 baki 2".

Makosa hayo hayafanani, na hayatatibiwa kwa dawa moja. Aliyeandika 3.8 hajui kwamba ule mstari katikati ya 3 na 8 ni kugawanya. Kwake ni alama tu, na nukta ni alama nyingine, kwa hiyo amebadilisha alama. Aliyeandika 2.66 anajua fika kwamba anatakiwa kugawanya, ila ameigawa 8 kwa 3. Simlaumu. Tangu darasa la tatu kila hesabu ya kugawanya aliyopewa ilikuwa na namba kubwa ndani ya alama ya kugawanya na ndogo nje. Hakuna aliyewahi kumwonyesha 3 ikiwa ndani na 8 nje, kwa hiyo alipoiona akaona mwalimu amegeuza, akairekebisha.

Kwa 1/16, wachache waliofika mwisho wameandika 0.625. Hao ndio walionipa moyo kuliko wote. Tarakimu zote wanazo, kwa mpangilio wake. Wamepoteza sifuri moja tu njiani.

Noti

Noti moja ya shilingi 10,000 ndiyo "moja" yetu. Elfu moja ni sehemu ya kumi yake, mia ni sehemu ya mia yake, na shilingi kumi ni sehemu ya elfu yake. Pesa ya Tanzania imejipanga kwa kumi kumi bila sisi kuhangaika.

Watoto wanne mbele, noti tatu za elfu kumi kumi. Gawaneni sawa. Kila mtu anapata noti nzima ngapi? Hakuna. Sifuri. Ubaoni nikaandika 0 na nukta hapohapo, kabla ya kuendelea. Sasa vunjeni: noti tatu zikawa thelathini za elfu moja. Kila mmoja saba, zikabaki mbili. Vunjeni tena: mbili zikawa mia ishirini. Kila mmoja tano, hakuna kilichobaki. Kila mtu ana 7,500, yaani 0.75 ya noti ya elfu kumi.

Ubaoni ikawa hivi:

3 ÷ 4: haitoshi, andika 0.
30 ÷ 4 = 7, baki 2
20 ÷ 4 = 5, baki 0

Hakuna aliyeuliza kwa nini 3 iko ndani. Pesa ndiyo inayogawanywa, watu ndio wanaogawana. Pesa ikiwa pungufu ya watu haimaanishi watu wageuzwe pesa. Baada ya hapo 8÷3 imekaribia kutoweka kwenye madaftari. Bado inajitokeza siku mtoto anapoharakisha.

Moja ya nane ilileta mjadala mzuri. Noti moja, watu wanane. Elfu kumi zikavunjwa, kila mmoja moja, zikabaki mbili. Mia ishirini, kila mmoja mbili, zikabaki nne. Nne zivunjwe kuwa shilingi kumi kumi, arobaini. Hapo darasa zima likagoma: shilingi kumi nani anayo siku hizi? Binti mmoja wa dawati la mbele akasema si lazima, kila mmoja apewe hamsini moja, kwani hamsini ni kumi tano. Jibu 1,250, yaani 0.125. Nilikuwa nimepanga kuchora sarafu za kumi za kuigiza, nimeziacha.

Kutoka noti kwenda daftari

Huku kwetu njia ndefu ya kugawanya hufundishwa kwa wimbo: gawanya, zidisha, toa, shusha. Kwa namba nzima wimbo huo unafanya kazi. Kwa desimali unakwama kwenye "shusha", maana juu hakuna kitu cha kushusha. Mtoto akigawanya 3 kwa 8 anaona 3 peke yake, anaandika "0 baki 3", anafunga daftari. Mwalimu akimwambia "ongeza sifuri", anaongeza popote anapoona nafasi, wakati mwingine kwenye jibu.

Kwa hiyo nimeondoa "shusha" kwa muda na kuweka "vunja baki". Baki likivunjwa mara moja, 3 inakuwa 30 za daraja la chini yake. Ile sifuri ndiko ilikotoka. Na nimeweka sharti moja: ukivunja mara moja, andika tarakimu moja kwenye jibu. Si mbili, wala si "hamna". Moja, hata kama ni sifuri.

Sharti hilo ndilo limewatibu wale wa 1/16:

1 ÷ 16: andika 0.
10 ÷ 16 = 0, baki 10
100 ÷ 16 = 6, baki 4
40 ÷ 16 = 2, baki 8
80 ÷ 16 = 5, baki 0

0.0625. Zamani walikuwa wanaona 10 haitoshi, wanaongeza sifuri nyingine kimyakimya na kuendelea. Sasa hiyo hatua ya pili ina mstari wake, na mstari hauwezi kubaki bila tarakimu.

Jambo la pili: upande wa kulia wa ukurasa kila mtu amechora safu nyembamba yenye kichwa "Baki". Kila baki linaandikwa humo na halifutwi. Watoto wana tabia ya kufuta hatua ili daftari lionekane safi. Mwanzoni niliitaka safu hiyo kwa ajili ya kusahihisha tu, nione mtu amepotelea wapi. Faida yake kubwa imekuja baadaye.

Kuhusu jedwali la kuzidisha: wapo ambao hawana 7, 8 wala 12 kichwani. Nimewaruhusu waandike pembeni 12, 24, 36, 48 na kuendelea kabla ya kuanza. Mwalimu mwenzangu haafiki, anasema nawalea. Mimi naona somo la leo ni desimali. La jedwali lina siku yake asubuhi.

Bucha

Bado kulikuwa na wanaoamini 0.125 ni kubwa kuliko 0.5, kwa kuwa 125 ni kubwa kuliko 5. Kijana mmoja ambaye kwao wana bucha Ngamiani alicheka. Mizani yao ni ya kielektroniki: nusu kilo inasoma 0.500, robo inasoma 0.250. Akasema mtu akija na 0.125 hiyo ni nusu ya robo, nyama ya paka.

Nimewapa kazi ya nyumbani: kila mmoja asome mizani dukani au buchani na aandike namba anazoziona. Wamerudi na 0.750, 1.250, 0.495 (mwenye duka alipunguza, mama akanung'unika). Hoja ya "ndefu ndiyo kubwa" imekufa bila mimi kuihubiria.

Spana

Fundi mmoja wa magari ametuazima seti ya spana za inchi, za enzi za Land Rover za kale. Zimeandikwa 7/16, 1/2, 3/8, 5/8, 9/16. Kazi: zipange kutoka ndogo hadi kubwa bila kuzilinganisha kwa macho. Kila kundi likagawanya lake:

3/8 = 0.375
7/16 = 0.4375
1/2 = 0.5
9/16 = 0.5625
5/8 = 0.625

Kisha tukazipanga mezani, na macho yakathibitisha. Mtoto mmoja akatoa kila moja kwa inayoifuata, akakuta tofauti ni ileile kila mara: 0.0625. Akasema, "Mwalimu, hii si ile moja ya kumi na sita?" Ndiyo yenyewe.

Kwa waliomaliza mapema nilitoa kazi ya kuzidisha kwa 25.4 kupata milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7, ndiyo maana spana ya 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi lakini inacheza. Fundi alikuwa mlangoni, akaitikia kwa kichwa. Yeye anajua kwa mkono.

Moja ya tatu, na baki lililorudi

Noti moja, watu watatu. Elfu tatu tatu, ikabaki moja. Mia tatu tatu, ikabaki moja. Darasa lilianza kucheka kabla sijafika kwenye shilingi. "Haiishi!" Sawa, haiishi. Ila kwa nini? Jibu la kwanza lilikuwa "kwa sababu tatu ni mbaya". Nikaliacha lining'inie mpaka Alhamisi.

Alhamisi nikawapa 1/7, kila mtu na daftari lake, kimya.

10 ÷ 7 = 1, baki 3
30 ÷ 7 = 4, baki 2
20 ÷ 7 = 2, baki 6
60 ÷ 7 = 8, baki 4
40 ÷ 7 = 5, baki 5
50 ÷ 7 = 7, baki 1

Wengine waliendelea kugawanya hadi chini ya ukurasa. Wengine waliinua kichwa pale baki 1 lilipotokea, kwa sababu safu ya kulia iliwaonyesha: tulianza na 1, na sasa tuna 1 tena. Kutoka hapo hesabu itakuwa ileile, 1, 4, 2, 8, 5, 7, bila mwisho. Jibu ni 0.142857 ikijirudia.

Nikauliza: je, ingewezekana isijirudie kabisa? Ukimya mrefu. Kisha yule binti wa dawati la mbele: ukigawa kwa saba, baki haliwezi kuwa saba wala zaidi. Ni 0, 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Likiwa 0, imeisha. Lisipokuwa 0, zimebaki namba sita tu za kuchezea, kwa hiyo ukiendelea kuvunja lazima mojawapo irudi, na ikirudi kila kitu kinarudi nayo.

Kwangu hiki ndicho kipindi kilichobeba mradi mzima. Hayo aliyoyasema ni uthibitisho kamili, haupungui kitu, na unashika sehemu yoyote duniani: desimali yake ama inaisha, ama inajirudia. Njia ya kutafuta 10, 100 au 1,000 chini, ambayo vitabu huanza nayo, haiwezi kumfikisha mtoto hapa, kwa sababu 7 haizai 10 wala 100 wala 1,000. Mwenzangu wa mkondo wa pili anaipenda njia hiyo, na kwa 3/20 ana haki: 15/100, sekunde mbili, 0.15. Hatujakubaliana ipi itangulie. Kwa sasa anatangulia nayo yeye, mimi natangulia na kugawanya, na watoto wanaibiana siri barazani.

Kumi na tatu

Nilitoa 1/13 kwa kundi la haraka ili nipate muda na walio nyuma. Walitabiri mzunguko wa tarakimu kumi na mbili, kwa kuwa mabaki yanayowezekana ni kumi na mawili. Walipata sita tu: 0.076923, na mabaki 1, 10, 9, 12, 3, 4, kisha 1 tena. Wakaja kulalamika kwamba kanuni ya binti imevunjika.

Haijavunjika. Kanuni ilisema mzunguko hauwezi kuzidi mabaki yaliyopo. Haikusema lazima yatumike yote. Nikawatuma wakagawanye 2/13. Walirudi na 0.153846, na mabaki 2, 7, 5, 11, 6, 8. Wakaziweka safu mbili pamoja: kila namba kutoka 1 hadi 12 ipo, kila moja mara moja. Kwa hiyo 3/13 hawakuigawanya. Walitafuta 3 kwenye safu ya kwanza wakaanzia hapo: 0.230769. Mmoja akaigawanya kwa siri kuhakikisha. Ikakubali.

Zipi zinaisha?

Kila kundi lilipewa asili kuanzia 2 hadi 25, wagawanye 1 kwa kila moja na kuweka zinazoisha upande huu na zinazojirudia upande ule. Zinazoisha: 2, 4, 5, 8, 10, 16, 20, 25. Kisha nikasema wazitafutie vigawo tasa, yaani namba tasa zinazozigawa bila baki. Zote zina 2 na 5 tu. Zile za upande wa pili zote zina kitu kingine ndani: 3, 7, 11 na kadhalika.

Maelezo tuliyokubaliana: kila kuvunja ni kuzidisha baki kwa 10, na 10 ni 2 mara 5. Ukivunja vya kutosha unaweza kumaliza 2 zote na 5 zote zilizo kwenye asili. Ila 3 huwezi kuimaliza kwa 10, uvunje hadi Krismasi.

Kutoka hapo wakaona jambo ambalo sikuwa nimeliweka kwenye andalio la somo. Zipo zinazochelewa kabla ya kuanza kujirudia: 1/6 ni 0.1666, tarakimu moja kisha 6 bila mwisho. 5/12 ni 0.41666, mbili kisha 6. 1/24 ni 0.041666, tatu kisha 6. Sita ina 2 moja, kumi na mbili ina mbili, ishirini na nne ina tatu.

Mtego: 6/15. Asili ina 3, kwa hiyo wengi wakaandika "inajirudia" bila kugawanya. Waliogawanya walipata 0.4. Sehemu irahisishwe kwanza, 2/5, ndipo asili iulizwe. Mtego huu nitaurudia kwa 9/12 na 21/28 mpaka uwachoshe.

Siku ya kikokotoo

Vile vidogo vya bei nafuu, vyenye tarakimu nane. 2 ÷ 3 ikaonyesha 0.6666666. Zidisha kwa 3: 1.9999998. Simu yangu, hesabu ileile, ikatoa 2. Wakataka kujua kipi kinadanganya. Kikokotoo kimekata mkia na kusahau. Simu inabeba tarakimu nyingi zaidi ya inazoonyesha, halafu inakadiria.

Kisha 1 ÷ 17: 0.0588235, na skrini imejaa. Inajirudia? Skrini haijui. Kundi la haraka likaomba karatasi ya manila.

Mirathi

Hili sikulipanga. Wengi wa watoto wangu wanatoka shule na kwenda madrasa, na wale wakubwa wameanza kusikia mafungu ya mirathi: nusu, robo, thumni (moja ya nane), theluthi mbili, theluthi, sudusi (moja ya sita). Mmoja akaja na mfano: marehemu ameacha mke, mama, mabinti wawili na ndugu yake wa kiume. Mke thumni, mama sudusi, mabinti theluthi mbili, kinachobaki cha ndugu. Akataka tukifanye kwa desimali.

Tukafanya. 0.125, 0.1666…, 0.6666…. Wakikadiria hadi nafasi tatu: 0.125, 0.167, 0.667, jumla 0.959, kwa hiyo ndugu anapata 0.041. Kwa sehemu: tatu, nne na kumi na sita juu ya ishirini na nne, jumla 23/24, ndugu anapata 1/24, ambayo ni 0.041666…. Kwenye milioni 24 ndugu anastahili milioni moja kamili, kwa 0.041 anapewa 984,000. Shilingi 16,000 zimepotelea kwenye kukadiria.

Hapo nilisema wazi ninachoamini: desimali ni nzuri kwa kulinganisha na kupima, lakini mali ikigawanywa kwa theluthi na sudusi, ibaki kwenye ishirini na nne yake. Mwenye mfano aliondoka ameridhika kupita kiasi, nadhani alikuwa na ubishi na mtu.

Hali ilivyo sasa

Kosa la 3.8 sijaliona tena. Kosa la kubwa ndani lipo kwa wachache. Sifuri ya katikati bado inapotea pale asili ni kubwa, kama 3/40, ambapo 30 haitoshi na jibu ni 0.075; hawa nawarudisha kwenye noti kwa dakika chache kabla ya kipindi. Wasio na jedwali la 8 kichwani wanafika, ila wamechoka wakifika, na hilo sitalimaliza mwaka huu.

Manila ya 1/17 imekamilika: 0588235294117647, tarakimu kumi na sita, mabaki yote kuanzia 1 hadi 16 yametumika. Walikosea katikati wakaligundua wenyewe baki 9 lilipotokea mara mbili kabla ya wakati wake. Mtu akapendekeza namba hiyo izidishwe kwa 17 kama ukaguzi, na wakapata tisa kumi na sita mfululizo. Kwa nini tisa tupu, ndiyo kazi ya Jumanne. Wameshajigawia pia 1/19 na wanaomba manila ndefu zaidi.